Kibao cha Elfu na Mia Tano

Mkasi wa Mama Turubai uliishia mlangoni. Mlinzi aliyekuwa akipekua mifuko aliuchomoa kwa vidole viwili, akaupima urefu kwa macho, kisha akampima na mwenyewe.

"Mama, huu wa kukatia nini?"

"Turubai."

"Na leo umekuja kukata turubai?"

"Nimekuja kumwona mwanangu. Huo umenifuata tu."

"Mwachie mkasi wake, baba," wifi yake akadakia kutoka nyuma. "Huyu hata siku ya harusi yake alikuja nao. Kaka yangu nusura akimbie."

Mlinzi alicheka, lakini hakuachia. Aliutia mkasi kwenye ndoo pamoja na visu, viberiti na miavuli ya watu, akampa Mama Turubai kikaratasi chenye namba, akamwambia atauchukua akitoka. Ndivyo Mama Turubai alivyoingia mikono mitupu kwenye mashindano ya kimataifa ya makasia. Mtu aliyeshika chuma kwa miaka thelathini, ukimpokonya, hujihisi ametoka nyumbani bila viatu.

Tena mkasi ule haukuwa wa kukatia tu. Katika karakana yake cherehani lilinguruma kutwa nzima, na la kusema halikusikika hata ukimtilia mtu sikioni. Turubai la lori nalo si kanga. Halishonwi na mtu mmoja. Mmoja hukaa mbele ya cherehani akisukuma, mwingine husimama upande wa pili akivuta, anarudi kinyumenyume hatua kwa hatua huku akimwangalia mshonaji. Basi mshonaji akitaka mwenzake avute, hugonga meza ya chuma kwa mkasi mara mbili: ko-ko. Mvutaji akiwa tayari hugonga bomba la ukutani mara moja: ko. Maana yake, nimeshika. Na mvutaji wake kwa miaka kumi alikuwa binti yake mwenyewe, aliyeanza kazi hiyo akiwa na miaka minane, mwembamba hata wateja wakamwita Uzi. Jina lilimganda. Mabega yalikuja kutanuka baadaye, alipokwenda chuo kwa watu wenye ziwa na boti, lakini jina halikutanuka nayo.

Majuma matatu kabla ya siku hii, Uzi alikuwa amepiga simu.

"Mama, nimeacha makasia tena."

"Umeacha kazi?"

"Sijaacha kazi. Nimeyaacha katikati ya maji. Mbio zetu ni mita elfu mbili. Nikifika elfu na mia tano, zimebaki mia tano za mwisho, mikono inakufa. Nasimama, wenzangu wananipita. Hii mara ya pili. Kocha amesema ikitokea ya tatu nirudishe nguo za timu."

Mama Turubai alizima cherehani ili asikie vizuri. "Kwani hapo kwenye elfu na mia tano kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mama. Ndiyo shida yenyewe. Nainua macho, simwoni mtu wangu hata mmoja."

"Safari hii ukiinua macho utaniona."

"Mama, ni mbali. Siku nzima ya basi."

"Nimesema utaniona. Lala."

Kwa Mama Turubai neno likishatoka limetoka. Wengine husema ahadi ni deni. Yeye alisema ahadi ni mshono, ukifumuka njiani mzigo wa mtu unalowa. Alimfungia mteja turubai lake la mwisho, akafunga karakana, akampitia wifi yake, ambaye hakuwa na haja ya kwenda popote ila alikuwa na haja ya kutokukosa, wakapanda basi.

Tiketi Uzi alikuwa ameshatuma: jukwaa kuu, safu ya tatu, mbele kabisa ya mstari wa kumalizia. Ndipo timu inapowaweka wazazi, pazuri kuliko pote. Mama Turubai aliposoma hivyo aliona mambo yamekwisha. Mia tano za mwisho si ndiyo mwisho? Na mwisho si ndiyo hapo? Mashindano yenyewe hakuwahi kuyaona. Simu yake ilikuwa ya vitufe, na video moja aliyowahi kutumiwa wifi yake ilikataa kufunguka. Alichokuwa nacho ni picha iliyobandikwa juu ya rafu ya nyuzi: Uzi ndani ya boti nyembamba kama kisu, makasia mawili yameenea kama mikono ya mtu anayetaka kukumbatia, uso umemwelekea mpiga picha, meno yameumana. Miaka mitatu Mama Turubai aliisalimu picha ile kila asubuhi akifungua karakana. "Njoo, mwanangu, njoo. Umekaribia." Na wateja wakiuliza huyo nani, aliwaambia, "Binti yangu huyo, anakuja."

Jukwaa lilijaa bendera ambazo nyingine hata wifi yake, mjuzi wa kila kitu, hakuthubutu kuzikisia. Walikaa. Wifi alivua viatu, vyekundu, vyenye visigino virefu, akatoa chupa ya chai, akaanza kutengeneza makazi ya kudumu. Upande wa pili wa Mama Turubai alikaa bwana mmoja mnene, wakala wa bima, ambaye aliwapa kadi zake hata kabla hawajakaa vizuri. Alisema enzi za ujana wake na yeye alipiga makasia; sasa amebaki na mgongo mbovu na darubini.

"Mwanao anashindana saa ngapi?" akauliza.

"Saa tano na nusu. Nusu fainali."

"Basi una saa nzima. Tazama hizi kwanza, ujifunze."

Maji yalikuwa yametulia, yamegawanywa njia sita kwa maboya madogo yaliyonyooka kama mshono wa fundi mwenye heshima zake. Mama Turubai aliupenda unyoofu ule. Alitoa mfukoni kipande cha turubai la rangi ya chungwa, mita moja na nusu, kilichobaki kwenye kazi za zamani. Rangi ile Uzi aliivuta utotoni mpaka akawa anaiota. Alikikunja vizuri mapajani. Mtoto akija, atakipepea.

Mbio za kwanza zikaja. Mtangazaji alianza kupayuka, watu wakasimama, na kwa mbali boti sita zikatokea. Mama Turubai alinyoosha shingo. Zilivyokaribia ndivyo alivyozidi kukunja uso. Alitafuta macho ya wale watu, hakuyaona. Alitafuta midomo, hakuiona. Kilichokuwa kikimjia ni migongo, migongo sita iliyolowa.

"Wifi," alisema, "mbona hawa wanakuja kinyumenyume?"

Wifi yake aliangalia. "Labda ndio wameshindwa, wanaona haya."

"Wote sita?"

Bwana wa bima alishusha darubini, akawatazama kwa huruma ile ya mtu anayegundua kwamba mteja hajasoma mkataba. "Ndivyo makasia yalivyo, mama. Mpiga makasia hukaa ameupa mgongo mwisho wa safari yake. Anaona anakotoka. Anakokwenda hakuoni."

"Sasa sisi hapa anatuona saa ngapi?"

"Akishavuka mstari."

"Mbio zikiwa zimekwisha."

"Zikiwa zimekwisha, ndiyo."

 Mama Turubai akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu anachojua hawezi kukiacha: "Mtu akiwa kwenye elfu na mia tano, zimebaki hizo mia tano za mwisho, akiinua macho anaona nini?"

Bwana wa bima aliielekeza darubini kushoto, mbali, akampa na yeye atazame. "Unakiona kibao cheusi chenye namba, pale ukingoni? Hicho ndicho anachokipita. Anakiona kikibaki nyuma. Watu huwa hawakai pale. Kuna uzio tu."

Aliuona uzio. Aliona kibao. Na katika kile kioo cha duara aliiona tena picha ya karakana, safari hii akaielewa. Uso ulimwelekea mpiga picha kwa sababu boti ilikuwa ikimwacha mpiga picha. Miaka mitatu alikuwa akimwambia mtoto njoo, njoo, umekaribia, na mtoto alikuwa akienda zake. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Baada ya aibu moyo ulimuuma, na baada ya moyo kumuuma alikasirika, kwa sababu hasira ndiyo pekee kati ya hizo tatu iliyomfaa kwa kazi.

Akasimama.

"Unakwenda wapi?" wifi yake akauliza. "Msalani ni huku."

"Nakwenda kwenye kibao."

"Kibao gani? Kaa chini! Kiti hiki watu wamepanda ndege kukifuata, wewe unakipa kisogo?"

"Nilimwahidi ataniona. Nikikaa hapa ni mimi nitakayeuona mgongo wake. Mgongo naujua, nimeusugua mwenyewe."

Bwana wa bima alikohoa. "Mama, njia ya ukingoni kutoka hapa imefungwa, ni ya baiskeli za makocha. Itabidi utoke lango kuu, uzunguke nyuma ya mabanda ya boti, ushike barabara ya nje. Kama kilomita mbili. Na ukitoka hurudi. Tiketi inasomwa mara moja tu. Mwisho wa mbio hutauona."

"Mwisho si wangu," Mama Turubai alisema.

Wifi alivitazama viatu vyake vyekundu. Tuseme kweli, alivitazama kwa muda. "Ningekusindikiza, wifi yangu, Mungu anajua. Lakini hivi ni viatu vya kukalia."

"Kaa. Mmoja wetu lazima aone anavyofika. Ukiona, nipigie."

"Nitakupigia. Na usikimbie, goti hilo litakuaibisha mbele ya mataifa."

Langoni mlinzi alikuwa yuleyule. "Mama wa mkasi! Ukitoka hurudi, umeambiwa?"

"Nimeambiwa. Nipe chuma changu."

Alitoa kikaratasi. Mlinzi akainamia ndoo. Ndoo ilikuwa imejaa zaidi ya asubuhi, na kila mwavuli aliouinua ulikuwa na mwenzake chini yake. Dakika zilikwenda. Mama Turubai alisimama akihamisha uzito kutoka goti bovu kwenda zima, akijiuliza kama mkasi unastahili kusubiriwa. Mara mbili aligeuka aondoke. Mara mbili akabaki, kwa sababu alijijua: sauti yake ilikuwa imekwisha zamani kwa kushindana na cherehani, na akipiga kelele ukingoni atasikiwa na mbu tu. Mkasi ukatoka. Aliupokea, akautia kiunoni, akashika njia.

Ile kilomita ya kwanza alijikaza kisabuni. Alipita nyuma ya mabanda, kati ya matrela yenye boti zilizopinduliwa, akawaona vijana warefu wa nchi za watu wakiwa wamelala chini kwenye mikeka, miguu juu ya ukuta, kila mmoja na hofu yake. Alitamani kuwagonga begani mmoja mmoja awaulize mama zenu wamekaa wapi. Goti lilianza kulalamika kwenye kona ya pili. Alilisema kama anavyolisema cherehani likikorofisha: "Kesho nitakutia mafuta. Leo kazi." Barabara ya nje ilikuwa ya vumbi, haina kivuli, na saa ya simu yake ilisema tano na dakika kumi. Kilomita ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza, ingawa bwana wa bima hakusema hivyo.

Alipofika, ilikuwa tano na dakika ishirini na moja. Kibao alikiona, kile kile, 1500, lakini alikiona juu tu. Uzio wa waya ulikuwa umefunikwa chini hadi juu, kichwa kizima kumzidi, kwa turubai la matangazo lililokwenda bila kikomo pande zote mbili. Mtu akisimama pale hakuona maji, na maji hayakumwona mtu.

Hapo ndipo mwingine angeketi chini alie. Mama Turubai alilishika lile turubai kwenye pindo, akalisugua kwa kidole gumba, akaguna. Mshono wa mstari mmoja. Nao ni uzi wa pamba, jua litaula kabla ya mwaka. Matundu ya chuma yamepigwa mbalimbali kama meno ya kibogoyo. Na kamba imefungwa na mtu aliyekuwa na njaa.

Kukata hakukata. Katika maisha yake hakuwahi kukata turubai la mtu bila idhini, na hakuona sababu ya kuanza uzeeni. Alianza kufungua mafundo. La kwanza, la pili, la tatu. Kucha moja ikavunjika. La nne.

"Wewe mama! We!" Mwanamke wa makamo mwenye kizibao cha njano alikuja mbio, redio inamrukaruka kiunoni. Alikuwa msimamizi wa upande ule. "Hilo turubai la wafadhili! Nani kakuambia uliguse?"

"Hakuna aliyeniambia," alisema Mama Turubai bila kuacha fundo la tano. "Dakika kumi tu. Nikimaliza nitalifunga, na nitalifunga vizuri kuliko mlivyolifunga nyinyi. Angalia fundo hili. Si aibu?"

"Mimi fundo silijui. Najua ukionekana nitafukuzwa."

"Una mtoto?"

"Nina watatu."

"Wangu mmoja. Anapita hapa sasa hivi, na anapita kinyumenyume. Nilimwahidi ataniona, na jukwaani hataniona. Hapa tu ndipo atakaponiona. Akisimama leo, hatapiga makasia tena."

Msimamizi alitazama barabara, upande huu, upande ule. Kwa mbali kipaza sauti kilitangaza kwamba nusu fainali ya wanawake, mtu mmojammoja, imeondoka. Aliminya redio yake, akasema kwa sauti kubwa na ya kikazi sana, "Nakwenda kukagua kule chini." Kisha kwa sauti ndogo: "Nikirudi nilikute limefungwa, dada yangu."

Fundo la sita liliachia, kona nzima ya turubai ikaanguka kama pazia, na maji yakawa mbele yake, mapana, yanameta. Mama Turubai alikifunga kile kipande cha chungwa juu ya waya mahali pale lilipoanguka tangazo, akajisogeza karibu yake, uso kwenye matundu ya uzio. Akachomoa mkasi.

Zikaja. Migongo tena, sita. Alikwisha kuizoea, na safari hii hakuhangaika kutafuta uso. Alijua utakuja ukishapita. Uzi alikuwa njia ya pili kutoka upande wake. Alimjua kwa shingo. Wawili walikuwa mbele yake, wengine watatu wamemganda ubavuni, na makasia yalikuwa yakiingia majini na kutoka kwa mdundo wa watu waliokwisha kuchoka ila hawajaruhusiwa. Wakafika kwenye kibao. Mgongo ukawa ubavu, ubavu ukawa shavu, shavu likawa uso. Mwanangu, alisema Mama Turubai, na sauti haikutoka.

Macho ya Uzi yalikuwa yamefumbwa.

Boti ilipita kibao kwa urefu mmoja, kwa miwili, kwa mitatu. Mdundo ukalegea. Boti moja ya ubavuni ikampita, ya pili nayo. Kisha Mama Turubai akaliona lile jambo lenyewe, aliloambiwa kwa simu na ambalo hakuwa amelielewa mpaka sasa: mikono ya mwanawe ilikwenda mbele kuchukua maji, na haikuyachukua. Makasia yakalala juu ya maji. Boti ikawa inateleza kwa nguvu za jana.

Aliinua mkasi akaupiga kwenye mlingoti wa uzio.

Ko-ko.

Mlingoti ulikuwa mtupu ndani, ulilia kuliko meza. Ko-ko. Mtu mwingine yeyote kwenye maji yale angesikia chuma tu, labda fundi anatengeneza kitu. Uzi alifumbua macho.

Hakuna ajuaye aliona nini kwanza, ile rangi ya chungwa au uso nyuma ya waya. Mama Turubai aliuona mdomo wake ukifunguka. Kwa pumzi moja nzima walitazamana kama walivyotazamana miaka kumi, turubai zito kati yao, mmoja akisukuma na mwingine akirudi nyuma. Mama Turubai hakupunga mkono. Hakutabasamu hata. Kazi ilikuwa haijakwisha. Akagonga.

Ko-ko.

Uzi akavuta.

Ko-ko. Akavuta. Mgongo ule alioupa mwisho ukalala nyuma, miguu ikasukuma, makasia yakaingia yakatoka, na macho hayakubanduka kwenye uzio. Ko-ko. Mkono wa Mama Turubai ulipata malengelenge, hakujua. Ko-ko. Boti ikampata wa nne. Uso ulizidi kuwa mdogo. Ulikuwa ukubwa wa sahani, ukawa wa kikombe, ukawa wa kifungo. Kila mara ulipopungua alijua mwanawe anakwenda vizuri, na kila mara ulipopungua kitu ndani yake kilitaka kuuita urudi. Hakuuita. Aliendelea kugonga, hata ule uso ulipokuwa nukta, hata ile nukta ilipoingia kwenye mng'ao wa maji ikapotea, na hata baadaye kidogo, kwa usalama.

Halafu akawa amesimama peke yake na uzio. Mbali sana, jukwaa lilivuma. Halikumwambia lolote.

Simu ikalia.

"Wifi! Wifi! Wa tatu! Au wa nne, watu wamenisimamia mbele, bwana wa bima anasema wa tatu, wanaangalia picha! Nimepoteza kiatu!"

"Amefika?"

"Nakwambia wa tatu au—"

"Amefika, wifi?"

Upande wa pili kelele zilipungua, kama mtu ameziba sikio moja kwa kiganja. "Amefika," alisema wifi yake, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Amefika anavuta. Mpaka mwisho, wifi yangu, alikuwa anavuta."

Mama Turubai aliketi juu ya jiwe. Machozi yalimtoka, akayaacha. Yalipokwisha akainuka, kwa sababu alikuwa amemwahidi mama wa watoto watatu. Alilinyanyua lile turubai la wafadhili, akaanza kulifunga, fundo kwa fundo, kwa mkono wenye malengelenge. Alilivuta pindo likanyooka. Pale palipokuwa na mafundo mawili mabovu akaweka moja zuri. Msimamizi alirudi, akatazama, akasema, "Loo," akasaidia kushika.

Walikuwa wamebakiza kona moja, ya chini, msimamizi alipomgusa bega. "Dada. Si yule?"

Boti ilikuwa ikirudi. Baada ya mbio, msimamizi alisema, huwa wanarudi taratibu kwa njia ya pembeni, kupoza misuli. Ilikuja polepole, karibu kabisa na ukingo, na kama kawaida yao ilikuja kinyumenyume. Mama Turubai alichuchumaa kwenye ile kona iliyobaki wazi. Mgongo wa mwanawe ulimjia, mpana, unapanda na kushuka. Alimkumbuka yule mwembamba wa miaka minane, akashangaa mgongo huu umepatikana wapi. Hakumwita. Sauti hakuwa nayo, na mwenyewe Uzi, kwa alivyokuwa akihema, asingeweza kujibu. Hakugeuka pia; boti zile ni nyembamba, ukigeuka unazama.

Lakini kwenye kibao Uzi aliacha kupiga. Aliyakusanya makasia yote mawili kwenye mkono mmoja. Boti ilipokuwa ikiteleza mbele ya ile kona ya uzio, mkono mwingine ulishuka ubavuni, ngumi imekunjwa, ukagonga ubao wa boti mara moja.

Ko.